Maganda ya Lyle

Septemba 7

Moshi wa misitu inayoungua huko milimani umeshuka hadi zizini. Jua jekundu tangu asubuhi. Miaka yote nimekuwa nikiandika hali ya hewa kwenye vijisanduku vya kalenda ya jikoni, na vilinitosha. Mwaka huu havinitoshi, ndiyo maana nimeanza daftari.

Leo Corinne, mjane wa mwanangu Lyle, ameleta ndoo. Amesafisha kibanda kilicho nyuma ya nyumba yao, akakuta visanduku na mifuko ya maganda ya risasi zilizokwisha kupigwa, akaona atusaidie kwa kuyamimina yote kwenye ndoo moja. Mtu wa huku kwetu asingefanya hivyo hata akiwa amelewa chakari. Lyle na baba yake walikuwa na bunduki za aina moja, na risasi zao ukizitazama ni zilezile. Lakini risasi ikishapigwa, ganda lake linavimba na kushika umbo la chemba, kile chumba cha risasi, ya bunduki iliyolipiga, na hapo linakuwa la bunduki hiyo. Ndiyo maana kila mmoja alikuwa na visanduku vyake. Walikaa humo kibandani kila msimu wakijaza risasi zao wenyewe, wakibishana, na hakuna hata siku moja ganda la huyu lilipoingia kwenye sanduku la yule.

Nilishafungua mdomo nimpashe. Mume wangu Orrin akaniwahi.

"Iache hapo, binti," alimwambia.

Hayo ndiyo maneno yake ya leo. Lyle alikufa mwezi Machi, gari lake lilipopinduka kwenye barafu akitoka kulisha ng'ombe, na tangu hapo mume wangu anatumia maneno kama mtu anayeogopa yatakwisha.

Septemba 8

Moshi bado. Orrin amemimina ndoo nzima juu ya meza ya jikoni. Tumekula chakula cha mchana tumeshika sahani mkononi.

Septemba 9

Vilevile.

Septemba 12

Upepo umegeuka, moshi umeondoka. Tumeiona milima tena.

Nimemuuliza kama ana mpango wa kunirudishia meza yangu kabla ya Krismasi. Alisogeza rundo moja ili nipate mahali pa kukandia unga. Nikawa nakanda huku namtazama. Analichukua ganda, analigeuza kitako juu, anatazama alama ya pini, ile sindano ya bunduki inayogonga risasi. Bunduki ya Lyle ilikuwa inagonga kando kidogo, haigongi katikati. Hilo analitenga kushoto, la kwake kulia. Pale asipokuwa na hakika, analitia kwenye bunduki yake na kufunga bolti, komeo la nyuma: ikifunga laini, ganda limerudi kwao; ikigoma, si lake.

Baada ya kutenganisha ndipo anakagua. Anatazama shingo kama imepasuka. Anatazama karibu na kitako kama kuna mstari unaong'aa kama pete. Halafu anachukua waya mwembamba aliopinda ncha yake, anauingiza ndani na kuukokota ukutani taratibu. Waya ukinasa kwenye kijimfereji, shaba imeshaliwa kwa ndani, na ganda hilo likipigwa tena litakatika vipande viwili likiwa ndani ya bunduki, inchi chache kutoka kwenye jicho la mtu.

La namna hiyo halitupwi hivihivi. Linafinywa mdomo kwa plaisi hapohapo, lisije likaokotwa na mtu mwingine akalijaza. Baba yake Orrin alimfundisha hivyo, naye akamfundisha Lyle alipokuwa hata plaisi haijamtosha mkononi. Kufinya kwanza, kufikiri baadaye.

Septemba 15

Baridi asubuhi, nyasi zimeganda.

Leo nimegundua jambo. Maganda yake mabovu Orrin anayafinya, krak, na kuyatupa kwenye ndoo ya chuma chakavu. Mabovu ya Lyle hayafinyi. Anayaweka polepole kwenye kopo la kahawa lililo dirishani. Nimemwona akilishika moja muda mrefu, plaisi iko mkono wa pili, kisha plaisi ikarudi mezani.

Yako mengi ya Lyle kwenye kopo. Mwanangu alikuwa na mkono mzito kwenye baruti, alipenda risasi zake ziende kasi kuliko za baba yake, na shaba haisamehe mambo hayo. Orrin alimkemea miaka yote.

Ni maganda matupu, nikajiambia, na kopo lina kifuniko.

Septemba 21

Mvua nyembamba. Corinne alikuja kula, akakaa mahali pa Lyle bila kujua, halafu akajua, akainuka, Orrin akamwambia akae.

Alipomaliza supu akatuambia kwamba msimu huu atawinda. Ataichukua bunduki ya Lyle na kwenda kutafuta mbawala mkubwa wa kuweka kwenye friji, kama Lyle alivyofanya kila mwaka. Niseme ukweli, nilicheka. Corinne amezaliwa mjini, Spokane, katika nyumba ya ghorofa. Mwaka wa kwanza wa ndoa yao nilimpa kuku amchinje, akamfungulia mlango wa nyuma na kumwambia aende zake.

"Mama, unacheka nini?" akaniuliza.

"Namkumbuka kuku."

"Kuku yule hakunikosea."

"Na mbawala amekukosea nini?"

Hapo Orrin akatoa sauti puani. Kwa mtu mwingine isingekuwa kitu, lakini mimi nimeishi naye miaka arobaini, najua kicheko chake hata kikijificha. Akamwambia Corinne kwamba bunduki ya Lyle itakula maganda ya Lyle, na kwamba akitaka kuipiga lazima kwanza ajue kuchagua shaba. Aje kesho.

Nimeosha vyombo nikiwa na furaha, na nikajisikia vibaya kuwa na furaha.

Septemba 28

Mawingu. Corinne anakuja kila jioni akitoka kazini. Orrin anamfundisha waya. Anamwambia afumbe macho, kwa sababu macho yanadanganya, kidole hakidanganyi. Msichana wa watu anakaa pale amefumba macho, waya ndani ya ganda, ulimi umetoka pembeni ya mdomo.

Oktoba 4

Theluji ya kwanza. Haikukaa.

Oktoba 9

Nimetengeneza lefse, chapati zetu za viazi, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Corinne alikula nne. Mikono yake ilikuwa myeusi kwa shaba, nikamtuma akanawe kama mtoto.

Nilikuwa nimemhukumu binti huyu. Nilipokuwa nikimtazama mwezi Machi amekaa kanisani bila chozi, nilijiambia kwamba huyo ataondoka kabla majani hayajaota, na kwamba hakumpenda mwanangu sawasawa. Leo alikuwa anakagua, mara akasimamisha waya. Akaurudisha. Akafungua macho akasema kwa sauti ndogo, "Umo. Mfereji umo hapa." Orrin akalipima mwenyewe, akamwambia ndivyo hasa. Corinne akamuuliza sasa afanye nini nalo, Orrin akanyoosha kidole kwenye kopo la kahawa. Corinne akaliinua ganda, akalibusu kwenye kitako palipogongwa na pini, akaliweka ndani ya kopo pamoja na mengine.

Nikatoka kwenda kuangalia kuku ambao hawakuwa na shida yoyote.

Oktoba 13

Upepo wa kuangusha mtu. Uzio wa mashariki umelala. Tumeuinua.

Oktoba 16

Wanajaza sasa. Fataki mpya ya kuwashia baruti kitakoni, baruti inapimwa kwenye mizani, kichwa cha risasi juu, mkono wa mashine chini. Orrin anazungumza. Sisemi anasema, anazungumza: habari za mbawala wa miaka ya nyuma, habari za Lyle alipoanguka mtoni akashikilia bunduki juu kama askari na maji yakimfika shingoni. Corinne alikuwa hajawahi kusikia habari hiyo. Alicheka hadi akalazimika kuweka mizani chini.

Orrin analalamika kwamba maganda mazuri ya Lyle ni machache. Nikamwambia kwamba Corinne anahitaji risasi chache tu, haendi vitani. Akasema msichana anayejifunza anahitaji kupiga nyingi kabla ya kupiga moja ya kweli. Hilo ni kweli. Sikuliendeleza.

Oktoba 19

Nataka kuandika kwa utaratibu, jambo moja baada ya jingine.

Kulikuwa kumetulia leo, mbingu wazi. Orrin na Corinne walikwenda kwenye korongo lililo nyuma ya malisho kupiga shabaha, msimu unafunguliwa Jumamosi. Mimi nilibaki nikipika. Nilisikia mlio, kisha mwingine, kisha mwingine, yote ya kawaida. Halafu ukaja mmoja ambao haukuwa sawa. Anayeishi na bunduki anaujua. Haukuwa mkubwa zaidi, ulikuwa mpana, kama mlango uliofungwa vibaya.

Nilizima jiko na kukimbia. Mimi na magoti yangu haya.

Corinne alikuwa amekaa chini kwenye nyasi, ameshika uso. Damu ilikuwa inapita katikati ya vidole. Miwani ya kazi ilikuwa imekwaruzika lenzi nzima upande wa kulia, na miwani hiyo, namshukuru Mungu, ndiyo sababu ana jicho. Chini ya miwani, shavu lilikuwa limetobolewatobolewa na vipande vidogo, na kimoja kilikuwa kimemchana chini kabisa ya jicho. Nilivua aproni nikambana nayo. Alikuwa ananiambia, "Sijui nimekosea nini, mama, nilishika kama alivyonionyesha, sijui nimekosea nini."

Orrin alikuwa amesimama hatua chache kando na bunduki mkononi. Alikuwa ameifungua bolti. Kilichotoka kilikuwa kitako tu cha ganda. Sehemu nyingine yote ilikuwa imebaki ndani ya chemba. Limekatika palepale, kwenye pete.

Mimi nikamuuliza ganda hilo limetoka wapi.

Akaingiza kidole kwenye chemba.

"Orrin. Limetoka wapi?"

"Kwenye kopo."

"Ulijua kuna mfereji?"

"Niliusikia kwa waya. Nilijua." Akawa anakiangalia kile kitako kiganjani mwake. "Mazuri yalikuwa yamekwisha. Nikasema labda litavumilia mara moja tu. Aliligusa yeye, Marit. Yote haya aliyagusa yeye."

Sijawahi kumpiga mume wangu. Leo nilimpiga kifuani kwa ngumi mbili, na aproni yangu ilikuwa kwenye uso wa mke wa mwanangu. Nikamwambia kwamba mmoja ameshakwenda, kwamba alitaka kumpeleka na huyu amfuate. Hakujitetea. Hata mikono hakuinua.

Oktoba 20

Daktari amevitoa vipande vyote. Ameshona chini ya jicho. Ataona vizuri, kovu litabaki. Ni lile jeraha tu, amesema, angekuwa hana miwani tungekuwa tunazungumza mengine.

Orrin alikaa ndani ya pikapu muda wote. Hakuingia kliniki.

Oktoba 21

Mvua ya theluji. Orrin hakula.

Oktoba 22

Hakula. Ameyafungua makasha ya risasi zote walizojaza kwa ajili ya bunduki ya Lyle, akazibomoa moja moja, akaitoa baruti, akaimwaga bustanini. Maganda ameyarudisha koponi, mazuri na mabaya. Maneno amerudi nayo huko alikokuwa nayo mwezi Machi, au mbali zaidi.

Oktoba 25

Siku ya kwanza ya msimu. Jua, theluji ngumu, hakuna upepo. Siku ambayo Lyle angeiita ya kwake. Magari ya wawindaji yamepita barabarani tangu alfajiri. Nyumbani kwetu hakuna aliyetoka.

Nimemkasirikia Orrin siku sita sasa na nimechoka. Tatizo ni kwamba namwelewa. Kule juu chumbani kuna koti la Lyle ambalo sijalifua. Tofauti yangu na yeye ni kwamba koti halilipuki.

Novemba 2

Corinne amekuja na plasta usoni. Nilidhani ameleta lawama, na alikuwa na haki nayo. Badala yake alimwambia Orrin kwamba fundi wa bunduki mjini amelitoa lile ganda lililokwama, bunduki iko salama, naye amenunua kisanduku cha risasi mpya za dukani. Akamwomba aende naye mlimani.

Orrin akasema hapana. Akasema haaminiki tena.

"Basi mama ataenda na mimi," Corinne akasema, kama vile nilikuwa nimeulizwa.

Novemba 8

Nimekwenda. Tulilala kifudifudi kwenye theluji juu ya mto wa kaskazini hadi nikawa sijui kama bado nina miguu. Akapiga mbawala jike mara moja, mnyama akapiga hatua chache akaanguka. Corinne aliweka bunduki chini akalia kwa sauti, nikamwacha. Kisha akavuta pua, akatoa kisu cha Lyle akaniuliza aanzie wapi. Tulimchana pamoja, mikono yetu ikipata joto ndani ya mnyama. Sikumsaidia zaidi ya alivyohitaji.

Nikisema nilimcheka kwa ajili ya kuku, najionea haya.

Orrin alitusaidia kumtundika bandani. Akaligusa lile tundu la risasi, akasema limekaa mahali pake. Akaingia ndani.

Novemba 12

Kukata nyama. Kusaga nyama. Kufunga nyama.

Novemba 17

Upepo wa joto umeyeyusha kila kitu, matope hadi kwenye vifundo. Kesho utakuja wa baridi na kuyagandisha.

Novemba 23

Corinne ametuambia baada ya kanisa. Anarudi Spokane kwa dada yake. Amepata kazi, na nyumba ile amesema kila mlango wake unamfungulia mtu ambaye hayupo. Sikumbishia. Ndani yangu nilipiga kelele, lakini sikumbishia. Miezi miwili iliyopita ningesema si niliwaambia. Sasa naona nampoteza wa pili.

Ameomba bunduki. Orrin akasema ni yake, haina haja ya kuombwa. Kisha akaomba na lile kopo la kahawa. Si kwa kupiga, akasema. La kuweka tu dirishani.

Orrin akaenda dirishani akakigandamiza kifuniko cha kopo. Akasema, "Tutaona siku ya kuondoka."

Novemba 30

Msimu umefungwa leo. Theluji inaanguka wima, hakuna upepo kabisa.

Corinne alikuja asubuhi, gari limejaa hadi kwenye paa. Kahawa ilikuwa tayari. Orrin akaliweka kopo mezani, akafungua kifuniko, na kando yake akaweka plaisi.

Akamwambia kwamba yale mazuri ameyatenga kwenye kisanduku, ayachukue hivyohivyo. Haya ya kopo hayawezi kuvuka mlango yakiwa mazima. Leo yatakaa dirishani. Lakini siku moja Corinne hatakuwepo, na mtu atafungua kopo, ataona shaba iliyosafishwa vizuri, ataona bunduki inayolingana nayo, naye atafikiri amepata bahati.

"Nilimwambia hivyo Lyle," akasema. "Nilimwambia, halafu sikufanya mwenyewe."

Akachukua ganda la kwanza, akaliweka kwenye meno ya plaisi. Niliona vidole vikikaza hadi kucha zikawa nyeupe. Ganda halikupindika. Ana nguvu za kupinda msumari wa uzio, mume wangu, lakini halikupindika. Akalegeza. Akamsogezea Corinne plaisi. Corinne akaishika, akaishika kweli, na kovu lake chini ya jicho likawa jekundu, kisha akairudisha mezani.

"Baba, usinipe mimi. Nakuomba."

Wote wawili wakabaki wanalitazama kopo. Nikaona hapa tutakaa hadi msimu ujao.

"Leteni kwangu," nikasema. "Nilimzaa mimi."

Nikavuta kiti. Shaba kwenye mdomo ni laini kuliko nilivyodhani. Haihitaji nguvu, inahitaji tu kuamua. Nililifinya la kwanza na sauti yake ilikuwa ndogo. Nikalifinya la pili. Kwenye kila kitako nililiona lile tundu la pini lililokaa kando, na kila tundu ni siku moja ambayo alikuwa mzima, amelala mahali fulani kwenye nyasi, amebana pumzi, anaona vizuri. Nikaifinya siku ile. Nikaifinya na iliyofuata. Kahawa ikapoa.

Karibu na mwisho Orrin akaweka mkono juu ya mkono wangu.

"Acha moja," akasema. "Marit. Moja tu."

Alikuwa hajawahi kuniomba kitu kwa sauti ile, hata siku ya mazishi. Nilitaka kumpa. Mungu anajua nilitaka kumpa, na mwenyewe nilitaka nilitie kwenye mfuko wa aproni na kwenda nalo kaburini. Nikamtazama Corinne, lile kovu lake chini ya jicho.

Nikauondoa mkono wa mume wangu, nikalifinya na hilo.

Kisha nikalaza kichwa mezani juu ya shaba yote ile nikalia kwa sauti, kama nisivyowahi kulia tangu Machi, na wala hawakuninyamazisha.